Kata Wewe Kwanza

"Dada, umebeba pasi humo?"

Mshonaji aligeuka kwa hasira. Ghorofa ya chini ya jengo lile ilikuwa imefurika watu kama ilivyo kawaida yake mchana: wauza vifuniko vya simu wanaita wateja, mpiga picha za vitambulisho anawapanga watu mbele ya pazia jeupe, muziki wa duka hili unagombana na muziki wa duka la pili. Alikuwa anapenya kumtafuta fundi wa kompyuta ambaye mteja wake alimwelekeza kwake. Umati ulimsukuma, begi lake likamgusa mkono mwanaume mmoja aliyekuwa ameinama mezani na bisibisi, naye akaruka utadhani kaguswa na kaa la moto.

"Ni kompyuta," alijibu. "Na usiruke hivyo, watu watasema nimekuchoma."

"Umenichoma kweli. Hebu tazama." Yule mwanaume alinyoosha mkono, akaugeuza huku na huku. Hakukuwa na alama yoyote. "Inauma kwa ndani."

Mshonaji alitaka kuendelea na safari yake, lakini kicheko kilimtoka bila ruhusa. Macho yake, kwa mazoea ya kazi, yalikwisha kumkagua mtu huyo kuanzia begani: shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, na kola iliyogeuzwa ili upande uliochakaa usionekane. Kola ile ilikuwa imegeuzwa kwa mkono hodari sana.

"Nani kakugeuzia kola?"

Fundi aliishika shingo kwa aibu. "Shangazi yangu. Yuko nyuma hapo, ndiye anayepokea wateja. Inaonekana?"

"Kwangu mimi inaonekana. Ni mshonaji."

"Basi wewe ni fundi na mimi ni fundi. Kaa, fundi mwenzangu. Hiyo kompyuta inaumwa nini?"

Alikaa, akaweka sawa gauni lake la manjano ambalo alilishona mwenyewe na kulitia mifuko miwili mikubwa ya pini na chaki. "Hailali," alisema. "Zamani nikiiacha bila kuigusa inajizimia kioo, inapumzika. Siku hizi inawaka kutwa kucha, inavuma, inachemka. Nikiweka kitambaa karibu naogopa kitaungua."

"Kompyuta haikatai kulala bure. Kuna kitu kinaizuia. Tunaiuliza, itasema."

Hapo ndipo mshonaji alipoanza kuhangaika. Alisogeza kiti hadi goti lake likagusa meza. Kamera ya kompyuta ile aliishonea kiraka cha satini nyeusi, kidogo kama kucha, na kila aliyekiona alicheka. Fundi alikiona, ila hakucheka.

"Usiingie kwenye picha zangu."

"Siingii."

"Wala kwenye ujumbe."

"Dada, nimeuliza swali moja tu, na sikukuuliza wewe. Nimeiuliza kompyuta." Aliandika maneno machache kwenye dirisha jeusi, na mistari ikajipanga. "Unaona? Imemtaja. Ni kivinjari, hiki unachofungulia mtandao. Inasema kuna sauti inacheza humo, na mradi inacheza, haiwezi kulala."

"Mbona mimi sisikii kitu?"

"Wewe umezima sauti. Ukurasa wenyewe haujui kama hausikilizwi, unaendelea tu."

Walianza kupekua. Kurasa zilikuwa nyingi, zimebanana juu ya kioo kama nguo kwenye kabati la mtu asiyetaka kugawa. Fundi alifunga mmoja, akaiuliza kompyuta tena. Akafunga mwingine, akauliza tena. Mwishowe walimpata mkosaji: somo la kushona lasi kwenye shela, lililokuwa likijirudia lenyewe kimyakimya tangu mshonaji alipolitazama na kulisahau. Fundi aliufunga ukurasa ule na kuondoa mikono mezani. Wakasubiri. Kioo kilififia, kikazimika, na kijitaa cha pembeni kikaanza kuwaka na kufifia taratibu.

"Imelala," fundi alinong'ona.

"Nifundishe hilo swali. Sitaki kurudi hapa tena."

"Nikikufundisha vizuri hutarudi kweli. Nakufundisha hivyo hivyo."

Alimfundisha, naye akalirudia mpaka likamkaa vidoleni. Wiki haikuisha, waya wa chaji ukalegea. Kama ulilegea wenyewe au kuna aliyeulegeza, tumwachie mwenye waya. Mshonaji alirudi ghorofa ya chini akiwa amevaa gauni la zambarau na hereni ndefu, jambo ambalo waya wa chaji haulihitaji hata kidogo.

Mapenzi yao yalianza hivyo. Fundi alikuwa mtu wa utani, lakini alikuwa na subira, na mshonaji alikuwa na njaa ya subira. Mchumba wake wa kwanza alikuwa akimsubiri aingie bafuni ndipo afungue simu yake na kusoma kila kitu, kisha anajifanya mwenye busara: "Nahisi leo umeongea na mtu." Miaka miwili aliishi na hisia za yule bwana mpaka siku alipomkuta na simu mkononi. Tangu hapo alikuwa mtu wa kushuku. Alishuku mlango uliofunguliwa nusu, alishuku mtu anayejibu kabla ya kuulizwa. Kile kiraka cha satini kilitoka huko.

Alimweleza fundi yote hayo, naye hakumbeza. "Chochote unachotaka nijue utaniambia," alisema. "Usichotaka, nitakaa bila kukijua. Sitakufa."

Kwa hilo tu, mshonaji alimpenda.

Wakazua namna yao ya kufanya kazi. Asubuhi kila mmoja alifungua kivinjari, wakaingia kwenye ukurasa mmoja wa maongezi, sauti tupu bila picha, na wakaendelea na shughuli zao. Yeye alikata na kushona chumbani kwake, juu ya duka la mikate. Fundi alifungua na kufunga mashine za watu, hedifoni masikioni. Saa nzima ingeweza kupita bila neno. Alisikia bisibisi ikianguka mezani, fundi alisikia cherehani ikikimbia kwenye pindo refu la gauni la harusi.

"Fundi."

"Naam, fundi."

"Umeimba ule wimbo mara nyingi leo. Una furaha au una njaa?"

"Vyote viwili, laazizi."

Jioni ikifika, kuagana ndiko kulikowashinda.

"Haya, kata."

"Kata wewe."

"Mimi siwezi kukukatia. Kata wewe kwanza."

"Jana nilikata mimi."

"Mwongo! Jana nilikata mimi, vidole vikaniuma."

Watu wazima wawili, wenye kodi na madeni, walibishana namna hiyo kila jioni, na ningewacheka kama nisingewahi kuyaona yakiwapata watu wenye akili kuliko wao.

Kisha msimu wa harusi ukaingia. Magauni yalijaa chumbani mpaka mlango ukawa haufunguki vizuri, na dada yake mkubwa akaja kumsaidia kushona shanga. Dada huyu alikuwa mama wa nyumba, mnene, mchangamfu, mwenye maneno makali na moyo mwepesi. Siku ya kwanza tu aliweka sharti.

"Mdogo wangu, mimi sifanyi kazi na mwanaume yuko hewani. Nitashindwa hata kujikuna."

Kwa hiyo jioni ile wapenzi walikubaliana kuachana na ukurasa ule mpaka msimu upite. Wataongea kwa simu. Walibishana kama kawaida, kata wewe, kata wewe kwanza, hadi dada akapiga meza kwa mkasi. Mshonaji alishusha sauti ya kompyuta hadi chini kabisa, akausogeza ukurasa pembeni ili asione, akarudi kwenye gauni lake. Kwenye kona ya kioo alibandika karatasi yenye vipimo vya bibi harusi aliyekuwa na haraka kuliko wote.

Siku chache baadaye fundi alipita na mto wa kiti, mzito, uliofunikwa kwa kitambaa cha bluu.

"Wa mgongo wako," alisema.

"Umejuaje kama mgongo unaniuma?"

"Nimekisia."

Mshonaji alifurahi. Aliukalia mto ule akajiona malkia. Baadaye ukaja uzi mweusi wa aina ile ile iliyokuwa imemwishia, na fundi akasema tena, "Nimekisia." Safari hii mshonaji alitabasamu, lakini tabasamu lilichelewa kidogo kufika. Uzi mweusi mtu anaukisiaje?

Halafu ikaja ile simu ya mchana.

"Presha ya mama imeshuka?" fundi aliuliza, kwa upole kabisa.

Mshonaji alisimamisha cherehani. Habari za mama zilifika asubuhi ile, na alimwambia dada yake peke yake, humu humu chumbani, mlango umefungwa.

"Nani kakuambia mama anaumwa?"

"Si uliniambia wewe?"

"Sikukuambia."

"Basi... labda nimeota, mpenzi."

Alikata simu. Dada aliweka sindano chini, akamtazama kwa macho ya kuchungulia.

"Kaulizia mama?"

"Kaulizia."

"Huyo kakuwekea kitu humo." Alielekeza kidole kwenye kompyuta. "Nilijua tu. Mwanaume fundi wa kompyuta! Ulimpelekea mwenyewe, akaifungua, akachezea anavyotaka. Anakusikia huyo. Hata sasa anakusikia."

"Dada, acha."

"Niache nini? Mto ulitoka wapi? Uzi ulitoka wapi?"

Mshonaji aliokota ule uzi mweusi. Alijua kuwa fundi alikuwa na jambo. Alikwisha kumwambia wapange Jumapili wakae mahali patulivu, na aliposema "nina jambo" sauti ilimtetemeka kama ya mtoto. Mwanamke hahitaji kuambiwa jambo lenyewe ni lipi. Kwa wiki nzima alikuwa akijizoeza jibu mbele ya kioo huku pini zimejaa mdomoni. Sasa jibu lile lilimkwama.

"Akiniuliza leo," alisema polepole, "nitamkatalia. Siwezi tena kuishi na mtu anayejua mambo nisiyomwambia. Nampenda, dada, nakwambia ukweli, nampenda mno. Ila nitamkatalia."

Akainama kwenye lasi ili dada asimwone machozi.

Kesho yake fundi hakupiga simu asubuhi. Alipopigiwa yeye, alijibu kwa maneno ya kuhesabu.

"Uko salama?"

"Niko salama."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nina kazi. Lile jambo... lisubiri kwanza. Halina haraka."

"Fundi, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kazi tu."

Haikuwa kazi tu, na wote wawili walilijua hilo. Siku zilizofuata simu zilikuwa fupi kama za watu wanaouziana kitu kibovu. Mshonaji alishona, akafumua, akashona tena. Yule mtu aliyekuwa akitaka kumuuliza swali alinyamaza ghafla, siku moja tu baada ya yeye kutamka jibu ndani ya chumba kilichofungwa. Alisikiaje? Kila alipojaribu kumtetea moyoni, swali hilo lilisimama mlangoni.

Mchana mmoja dada alitoka kwenda kununua zipu. Mshonaji alisogeza kitambaa cha satini mezani, mkono wake ukagusa ubavu wa kompyuta, akaurudisha haraka. Ilikuwa inachemka. Aliitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Kioo kilikuwa kinawaka, na alikumbuka kuwa siku zote hizi, kila alipoinua macho, kilikuwa kinawaka tu. Alikuwa amezama kwenye shanga za watu asiulize.

"Hata wewe hulali," aliiambia.

Alisogea, akaandika lile swali alilofundishwa na fundi mwenyewe. Nani anakuzuia? Mistari ikajipanga. Kivinjari. Kuna sauti inatumika.

Vidole vyake vilikuwa na nidhamu ya mtu anayefumua mshono. Alifunga ukurasa wa vifungo, akauliza. Jibu lile lile. Akafunga ukurasa wa mitindo ya mikono, akauliza, lile lile. Ramani, duka la lasi, picha za bibi harusi fulani aliyetaka kila kitu cha mwenzake, vyote akavifunga, na kila mara kompyuta ikajibu vile vile. Hatimaye hapakubaki ukurasa wowote wa kufunga, na bado kivinjari kilisema kuna sauti.

Ndipo alipobandua ile karatasi ya vipimo kwenye kona. Chini yake palikuwa na kidoa chekundu, kidogo, kinachowaka.

Alikigusa. Ukurasa ukajitokeza kutoka pembeni alikoufukuza siku ile: maduara mawili, lake na la fundi, na chini yake maneno mafupi. Waliomo: wawili.

Mshonaji alipandisha sauti taratibu. Kwanza ukaja muziki wa mbali wa ghorofa ya chini, halafu kelele za wauza vifuniko. Halafu, karibu kabisa, utadhani mtu kaegemea bega lake, sauti ya mwanamke, ya chini, ikijisemea:

"Leo haimbi. Sijui kanunia nini."

Hakupiga kelele. Alisimama, akavaa viatu, kimoja kikaenda mguu usio wake, akavibadilisha. Gauni la mteja lilibaki chini ya sindano ya cherehani. Kompyuta aliiacha wazi kama ilivyo, akatoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akashuka ngazi mbio kupita harufu ya mikate. Njiani alikuwa akipanga maneno, na maneno yote yalikuwa mabaya. Anasikilizwa. Tena anasikilizwa na fundi pamoja na mwanamke wake, wanakaa wanamcheka kama mchezo wa redio.

Ghorofa ya chini ilikuwa imefurika. Alipenya kwa viwiko. Fundi alikuwa kwenye meza ya mbele, mgongo umeinama juu ya mashine ya mtu, masikio matupu, hana hedifoni. Alipoinua kichwa na kumwona, uso wake uling'aa mara moja, kisha ukakumbuka kununa.

"Fundi? Mbona..."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanamke anayenisikiliza! Yuko wapi?"

Watu wawili waliokuwa wanachagua vifuniko waliacha kuchagua. Fundi alifungua mdomo, lakini kabla hajasema lolote, sauti ile ile ilitoka nyuma ya pazia la ndani, ikisema kwa nguvu, kama asemavyo mtu aliyezibwa masikio:

"Mwanangu! Dada mtu karudi na zipu zake. Anauliza huyu kaenda wapi na gauni kaliacha kwenye cherehani!"

Fundi aliganda. Mshonaji alivuta pazia.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuegemea, miwani puani, sindano za kufumia mkononi, sweta ya kijani mapajani na hedifoni kubwa za kazi kichwani juu ya kilemba. Waya wake uliingia kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa inavuma pembeni. Alimwona mshonaji, akamtazama, akaitazama ile kompyuta, akamtazama tena, kama mtu aliyeona picha ikitoka ukutani.

"Shikamoo, shangazi," mshonaji alisema. Hasira ilikuwa imempanda mpaka kooni, lakini adabu ilitoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu," shangazi aliitikia, na kuvua hedifoni polepole. "Karibu. Loh. Unaendeleaje na mgongo?"

Fundi alishika kichwa. "Shangazi, hiyo ni nini?"

"Si vitu vyako? Nilivikuta vinaning'inia kwenye msumari, vinasema. Nikavaa. Nikadhani ni mchezo wa redio, wa dada wawili na cherehani. Ni mzuri kweli. Kuja kushtukia wanamtaja fundi, mara kola ya fundi, nikajua hawa ni wa kwetu."

"Na hukunipa habari?"

"Nilikupa! Habari za mto alikuambia nani? Uzi? Mgonjwa je?"

"Ulisema umesikia kwa watu!"

"Kwani hawa si watu?"

Mshonaji alimgeukia fundi. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo, na udogo ule ulimtisha fundi kuliko kelele. "Siku ile tulipoagana. Nani alikata?"

"Wewe. Nilisikia umenyamaza, nikajua umekata. Nikauondoa ukurasa kwenye kioo, nikatundika hedifoni."

"Mimi nilijua umekata wewe. Nikausogeza pembeni."

Walitazamana. Katika mabishano yao yote ya jioni, hapakuwahi kuwa na siku ambayo mmoja alimwona mwenzake akikata. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na siku hiyo hakuna aliyebonyeza.

"Na kompyuta yako hii," mshonaji alisema, "haikukataa kulala?"

Fundi aliitazama mashine inayovuma, na aibu ikampanda hadi masikioni. "Nilidhani imezeeka. Za watu naziuliza. Yangu sikuiuliza."

"Na shangazi yako hukumuuliza pia."

"Sikumuuliza."

"Uliniambia umekisia. Uliniambia umeota!" Machozi yalimtoka hapo hapo mbele ya watu wa vifuniko, na hakuyafuta. "Nilikueleza kilichonitokea. Nilikueleza mambo yote ya yule mtu wa kuhisi. Ukaja na wewe unakisia."

"Nilipenda ulivyofurahi na ule mto," fundi alisema. Hakujitetea, alisema kama anayekiri ugonjwa. "Nikataka nionekane najua moyo wako bila kuambiwa. Ningemuuliza shangazi anatoa wapi, ningejua, na raha ingekwisha. Nikanyamaza. Halafu akaniambia utanikatalia."

"Alikuambia na sababu?"

"Sababu hakusema."

Wote wawili walimgeukia shangazi, naye akashika sweta yake kwa nguvu.

"Sababu sikuielewa," alisema. "Alisema atakukatalia kwa kuwa unajua mambo mengi. Mimi nikaona hiyo ni sifa, siyo sababu. Nikaiacha."

Mtu mmoja wa vifuniko alicheka, akakatishwa na mwenzake kwa kiwiko. Mshonaji alitaka kucheka na alitaka kulia, akashindwa kuchagua. Alikuwa amesema atamkataa kwa sababu anasikilizwa. Fundi naye alikuwa amekata tamaa kwa sababu ya yaliyosikika. Mduara ule ungewazungusha mpaka huyu aoe kwingine na huyu aolewe kwingine.

Fundi alinyoosha mkono kwenye kompyuta ya zamani ili aufunge ukurasa.

"Usikate," mshonaji alisema.

"Kwa nini?"

"Naenda nyumbani. Safari hii nataka nione kwa macho yangu ikikatika." Alijifuta uso kwa ncha ya futi. "Na wewe vaa mwenyewe hizo hedifoni."

Alirudi kwa mwendo wa kawaida. Juu, dada alikuwa amesimama katikati ya magauni na zipu mkononi, akaanza, "Wewe ulikuwa..." lakini alipouona uso wa mdogo wake alimeza yaliyobaki, akachukua pasi na kuanza kunyoosha shela ambayo ilikuwa imekwisha kunyooshwa. Mshonaji alikaa kwenye mto wake wa bluu mbele ya kompyuta. Waliomo: wawili.

"Fundi," alisema.

"Naam, fundi."

"Shangazi yuko wapi?"

"Nimemtoa nje ya pazia. Anachungulia."

"Dada naye yuko hapa. Anajifanya anapiga pasi."

"Mimi sijifanyi!" dada alidakia.

Mshonaji alisikia bisibisi ikiwekwa mezani, taratibu, na mtu akivuta pumzi.

"Samahani, mpenzi," fundi alisema. "Siyo kwa ule ukurasa. Ule tuliusahau wote. Samahani kwa kuwa nilijua kitu chako na sikukuambia kwamba nakijua."

Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja miaka mingi kutoka kwa mtu mwingine kabisa, na hayakuja.

"Nimesikia," alisema.

"Lile jambo langu la Jumapili... nikikuuliza leo, utajibu nini?"

"Unajua."

"Sijui."

"Si shangazi alikuambia?"

"Alichosikia shangazi hakikuwa changu. Nakurudishia. Mimi sijui kitu."

"Basi kisia."

"Sikisii tena, fundi. Haki ya Mungu, sijui utasema nini, na hapa nilipo mikono inanitoka jasho."

Mshonaji alisikiliza. Hakuna kitu alichokuwa amejizoeza kukitafuta kama sauti ya uongo, na humo hakuikuta. Palikuwa na mtu tu, mbali kidogo, anayeogopa, asiyejua.

"Basi niulize," alisema.

Akamuuliza. Aliuliza vibaya, akaanza na habari za kodi ya chumba, akarudi nyuma, akamwomba radhi, akauliza tena kwa maneno manne. Pasi ya dada ilisimama juu ya shela mpaka harufu ya kuungua ikaanza.

"Ndiyo," mshonaji alisema. "Nimekubali. Dada, shela!"

Upande wa pili paliangushwa kitu kizito, pengine shangazi. Vigelegele vya mtu mmoja vikapasua spika ya kompyuta, na fundi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, akisema fundi, fundi, fundi, kana kwamba neno limekwama.

"Haya," alisema alipopata pumzi. "Nakuja sasa hivi hapo kwako. Kata."

"Kata wewe."

"Fundi!"

"Nakutania." Alipeleka kidole kwenye kitufe chekundu. "Leo nakata mimi. Unasikia? Mimi."

Akabonyeza. Duara la fundi likatoweka, na kile kidoa cha kwenye kona kikazimika mbele ya macho yake.

"Una hakika umekata?" dada alinong'ona, ameshika shela yenye alama ya pasi. Ndivyo alivyo, hakuna harusi itakayomponya.

Mshonaji hakukasirika. Aliliandika lile swali, nani anakuzuia kulala, akageuza kompyuta ili na dada asome. Mstari kwa mstari, mashine ilijibu neno moja tu: hakuna.

Kisha akaondoa mikono mezani, akavaa viatu vizuri, akaenda kusimama dirishani.